Oili chafu ya injini: vipimo vyake, na swali la kuihamisha kutoka gari moja hadi jingine

Katika barabara zenye namba za Buyenzi, jijini Bujumbura, kazi ya kubadilisha oili ya injini hufanyika kutwa nzima. Gari dogo hutoa lita nne hivi. Basi dogo la abiria hutoa zaidi ya hapo. Oili hiyo, ambayo mafundi wengi huiita vidanje kwa kufuata Kifaransa, haitupwi yote. Kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki na Kati, sehemu yake hupakwa kwenye mbao ili kuzuia mchwa, sehemu hulainisha minyororo, na sehemu nyingine hurudishwa ndani ya injini ya gari jingine, hasa gari kuukuu ambalo mwenyewe hana fedha za kununua kopo jipya.

Burundi haina kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi. Petroli, dizeli na oili hutoka nje na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Uhaba wa fedha hizo, ambao katika miaka ya karibuni umeleta misururu mirefu kwenye vituo vya mafuta, umewafanya wenye magari wengi wajiulize: je, oili iliyotumika yaweza kutumika tena? Na je, kipo kipimo cha kuonyesha iliyo nzima na iliyoharibika? Makala haya yanajibu maswali hayo mawili.

Oili huchakaa vipi

Husemwa mara nyingi kwamba oili haichakai, bali huchafuka tu. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Oili ya injini ni mchanganyiko. Sehemu kubwa, kati ya asilimia 75 na 90, ni mafuta ya msingi. Hayo hudumu muda mrefu, na ndiyo maana viwanda maalumu vinaweza kuyasafisha na kuyarejesha katika hali nzuri. Sehemu inayobaki ni viambato vya kemikali: vya kalsiamu au magnesiamu vinavyosafisha injini na kuua asidi, vya zinki na fosforasi vinavyozuia vyuma visisagane, vingine vinavyotawanya masizi yasigande, na vingine vinavyozuia oili isiungue kwa joto.

Viambato hivi hulika. Kila mara kimoja kinapofanya kazi yake, hupungua. Gari linapofikisha wakati wa kubadilisha oili, mafuta ya msingi bado yapo, lakini kinga yake imepungua sana. Kuichuja kwa kitambaa hakurudishi kilichokwisha.

Rangi nayo hudanganya. Oili ya dizeli huweza kuwa nyeusi baada ya mwendo mfupi tu, na weusi huo mara nyingi ni dalili njema: viambato vinayashika masizi na kuyazuia yasigande kwenye vyuma. Kwa upande mwingine, oili yenye rangi ya kupendeza yaweza kuwa imechanganyika na petroli. Jicho na kidole, hata vya fundi mzoefu, si mahakimu wa kutosha.

Maabara huona nini

Upimaji wa oili iliyotumika ulianzia kwenye reli. Mwaka 1946, kampuni ya reli ya Denver & Rio Grande Western ya Marekani ilianza kupima oili ya injini zake za dizeli ili kutambua hitilafu kabla injini haijavunjika. Mwaka 1955 jeshi la majini la nchi hiyo liliuchukua utaratibu huo kwa ajili ya ndege zake. Msingi wake ni huu: oili ikiunguzwa kwa joto kali sana, kila madini yaliyomo hutoa mwanga wake wa pekee, na chombo husoma mwanga huo na kuonyesha kiasi cha kila madini.

Kila madini yana chanzo chake ndani ya injini. Chuma hutoka kwenye silinda, krenkishafti na kemshafti. Alumini hutoka kwenye pistoni. Kromiamu hutoka kwenye ringi. Shaba, risasi na bati hutoka kwenye beringi. Silikoni kwa kawaida ni vumbi, na huonyesha kwamba chujio la hewa limetoboka au halikufungwa sawasawa. Jambo hilo si dogo katika kiangazi cha Burundi, kati ya Juni na Septemba. Sodiamu na potasiamu mara nyingi ni ishara kwamba dawa ya radiata inavuja na kuingia ndani ya injini.

Maabara hupima pia uzito wa oili. Oili ya daraja la SAE 40, pamoja na 15W-40 injini ikiwa na moto, inatakiwa kuwa kati ya sentistoki 12.5 na 16.3 katika joto la nyuzi 100. Petroli au dizeli ikivujia ndani, oili huwa nyepesi na hushuka chini ya kiwango hicho. Masizi yakizidi, huwa nzito. Hupimwa pia akiba ya alkali, yaani uwezo uliobaki wa kuua asidi. Oili nyingi mpya za dizeli huanza na akiba ya 10 hivi, na wataalamu wengi hushauri oili ibadilishwe akiba hiyo inapofika nusu.

Kipimo hiki kina mipaka. Mashine ya mwanga huona vizuri chembe ndogo sana, lakini hupitwa na nyingi zinazozidi mikroni 8 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Injini inayomeguka vipande vikubwa yaweza kupata cheti kizuri. Zaidi ya hayo, kipimo kimoja hakitoshi: thamani yake huonekana pale vipimo kadhaa vya injini ileile vinapolinganishwa. Kwa hiyo faida kubwa ni ya wenye magari mengi, kama kampuni za malori, za mabasi na za mitambo ya ujenzi. Kwa mwenye teksi moja, gharama ya kupima na kusafirisha chupa hadi maabara yaweza kukaribia bei ya oili mpya.

Vipimo viwili vya gereji

Vipo vipimo viwili rahisi ambavyo fundi anaweza kuvifanya mwenyewe.

Cha kwanza hutafuta maji. Tone la oili hudondoshwa juu ya bati lililopashwa moto hadi nyuzi 160 hivi. Oili isiyo na maji hutandaa kimya. Yenye maji hutoa mapovu na kulialia kama kitunguu kikaangoni. Macho na mikono vikingwe, kwa sababu matone huruka.

Cha pili hutumia karatasi ya kuchujia. Tone huwekwa katikati, kisha karatasi huachwa imelala kwa saa kadhaa. Kama oili bado ina nguvu ya kutawanya masizi, doa husambaa taratibu likififia kuelekea nje. Kama nguvu hiyo imekwisha, weusi hubaki katikati kama sarafu, na pembeni huonekana duara jepesi la mafuta. Oili ya namna hiyo haifai hata kwa injini ilimotoka.

Je, yaweza kuhamishwa?

Kuna hali moja ambayo haina ubishi. Oili ikiwa bado mpya, na imemwagwa ili kurekebisha jambo lisilohusu ugonjwa wa injini, kwa mfano kubadilisha gasketi ya karta, yaweza kurudishwa katika injini ileile, mradi ilihifadhiwa katika chombo safi chenye kifuniko.

Kuihamishia gari jingine ni jambo tofauti, kwa sababu nne.

Kwanza, oili hubeba ugonjwa wa injini ilimotoka. Chujio la kawaida la gari hunasa chembe kubwa zaidi, lakini nyingi za mikroni chache hupita. Chembe hizo za chuma na vumbi zikiingia katika injini ya pili husugua beringi kama msasa.

Pili, oili ya dizeli huja na masizi, na ya petroli huja na mabaki ya petroli. Tena, magari ya petroli mara nyingi hutumia oili nyepesi kuliko inayotakiwa na dizeli. Kuchanganya masalia ya magari matano ndani ya pipa moja ni kupata kitu ambacho hakuna anayejua uzito wake wala akiba yake.

Tatu, safari za hapa kwetu ni nzito. Barabara ya Taifa namba 1 hupanda kutoka kando ya ziwa, kwenye kimo cha mita 770 hivi, hadi Bugarama, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000, katika kilomita zisizozidi 40. Gari lililojaa abiria na mizigo likipanda mlima huo huichemsha oili, na hapo ndipo kinga iliyopungua hufichuka.

Nne, hesabu yenyewe haina faida kubwa. Tuchukue gari linalobadilisha oili kila kilomita 5,000. Likipewa oili iliyokwisha kutembea umbali huo, mwenye busara ataimwaga baada ya kilomita 2,000 hivi. Kwa hiyo katika kilomita zilezile 5,000 atamwaga mara mbili au tatu, na kila mara angepaswa kununua chujio jipya. Asipolinunua, uchafu wa zamani huchanganyika na wa sasa. Kilichookolewa kwenye kopo hutumika kwenye chujio na kwa fundi, na gharama ya beringi bado haijahesabiwa.

Kwa gari kuukuu linalokula oili, ushauri ulio bora ni kununua oili mpya ya bei nafuu, ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari hilo. Injini ya miaka ya 1990 haihitaji oili ya kifahari. Inahitaji oili iliyo nzima. Oili mpya ya kawaida huishinda oili ya gharama kubwa iliyokwisha kufanya kazi yake.

Hadaa ya kopo

Hatari huongezeka pale mnunuzi asipojua anachonunua. Oili chafu huweza kuachwa itulie, ikachujwa, ikatiwa rangi na kuuzwa katika kopo lenye jina maarufu. Mnunuzi achunguze kama mfuniko una pete isiyokatika na lakiri isiyoguswa, na kama tarehe na namba ya toleo zinasomeka. Mwenye gari naye ana wajibu: kopo tupu litobolewe au likatwe kabla ya kutupwa, ili lisirudi sokoni likiwa na sumu ya mtu mwingine.

Ngozi ya fundi na maji ya ziwa

Oili iliyotumika ina madini mazito na kemikali za moshi ambazo oili mpya haina kwa kiasi hicho. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba oili chafu ya injini za petroli husababisha saratani ya ngozi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na hilo lilipunguza sumu moja kubwa, lakini si zote. Fundi anayeshika oili kila siku avae glavu, aoge mikono kwa sabuni badala ya petroli, na asiweke kitambaa chenye oili mfukoni. Vijana wanaojifunza kazi ndio wenye miaka mingi zaidi ya kuguswa na oili hiyo. Wao waanze mapema.

Buyenzi imepakana na mto Ntahangwa, na Ntahangwa humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo, lenye kina cha mita 1,470, hubadilisha maji yake polepole mno, hata kinachoingia leo hukaa kwa vizazi. Humo ndimo hutoka mukeke na ndagala, na humo ndimo REGIDESO huvuta maji ya kunywa ya wakazi wa Bujumbura. Shirika la mazingira la Marekani hukadiria kwamba oili ya gari moja, ikimwagwa mara moja tu, yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji baridi, yaani karibu lita milioni 4.

Sheria haiko kimya. Burundi ina kanuni ya mazingira ya mwaka 2000, iliyorekebishwa mwaka 2021, na ni mwanachama wa Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao huhesabu mafuta ya madini yasiyofaa tena miongoni mwa taka zinazosimamiwa. Usimamizi wa mazingira uko mikononi mwa ofisi ya OBPE.

Mambo ya kushika

Oili imwagwe injini ikiwa na vuguvugu, na chujio libadilishwe kila mara. Anayetaka kupeleka sampuli maabara achukue katikati ya mmwagiko, si mwanzo wala mwisho, kwa chupa safi na kavu. Aandike kilomita za gari, kilomita za oili, aina yake, na kiasi kilichoongezwa njiani. Oili chafu iwekwe katika pipa lenye kifuniko, isichanganywe na maji ya radiata, mafuta ya breki wala petroli, kwa sababu mchanganyiko huo huharibu uwezekano wa kuisafisha.

Uwezekano huo upo kweli. Lita 3.8 za oili iliyotumika, zikipita katika kiwanda cha kusafishia, hutoa lita 2.4 za oili nzuri. Kupata kiasi hicho kutoka mafuta ghafi huhitaji lita 159. Kwa nchi inayonunua kila lita kwa fedha za kigeni, pipa la oili chafu ni mali. Likikusanywa likiwa safi laweza kuuzwa. Likimwagwa mtaroni, gharama yake italipwa na wanaokunywa maji ya ziwa.