Mapacha wasio ndugu

Ukiweka darubini uani Karen, Nairobi, mwezi Februari, mwendo wa saa nne usiku, kisha ukaielekeza kaskazini, juu ya Dagoretti, utakutana na nyota mbili angavu zilizokaribiana: Castor na Pollux. Hizo ndizo vichwa vya kundi liitwalo Mapacha. Jina limeshika, ila undugu haupo. Pollux iko umbali wa miaka-nuru 34 hivi, Castor kama 51.

Pacha halisi amejificha ndani ya Castor yenyewe. Kwa macho matupu ni nukta moja. Kwa darubini ndogo ya milimita 80, ukikuza mara mia na hewa ikiwa imetulia (taa za jiji hazidhuru sana hapa, hewa inayochezacheza ndiyo adui), nukta ile hupasuka. Unaona mbili nyeupe, moja hafifu kidogo, na uzi mwembamba wa giza katikati. Mwaka 1803 mwanaastronomia William Herschel alitangaza kwamba nyota za namna hii, Castor ikiwemo, huzungukana kweli.

Hizo ndizo zinazostahili neno pacha, kama tunavyosema ndizi pacha kwa zile zilizoshikana ganda. Zile zinazoonekana karibu kwa sababu tu zimepangana kwenye mstari mmoja wa macho yetu, tuziite jozi. Jozi haidai undugu. Basi mwandishi mwenzangu, kabla hujaandika “nyota pacha”, uliza kwanza: zinazungukana?