Imamu Ghazali na swali ambalo wasichana huliuliza kwa sauti ya chini



Kuna swali ambalo huulizwa wakati wa kupima nguo ya harusi, mama akishatoka nje kidogo: "Dada, hivi tunajuaje kwamba akhera ipo kweli? Na mimi nikiwa na shaka moyoni, ni Muislamu gani?" Wengine huuliza huku machozi yanawalenga. Wanadhani hakuna mtu mwema aliyewahi kupita hapo.

Amepita Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Alizaliwa mwaka 1058 huko Tus, Khurasani, katika nchi ambayo leo ni Iran. Riwaya mashuhuri inasema jina Ghazali linatokana na kazi ya baba yake, aliyekuwa akisokota sufu na kuiuza dukani (wapo wanaosema ni jina la kijiji, lakini sisi mafundi tuachieni la sufu). Baba alifariki watoto wakiwa wadogo, akamwachia rafiki yake Sufi wanawe wawili pamoja na fedha kidogo za kuwasomesha. Fedha zilipokwisha, vijana wakaingia madrasa iliyokuwa ikiwapa wanafunzi chakula.

Kufika mwaka 1091 alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiyya ya Baghdad, anasomesha wanafunzi 300.

Mtu huyu ndiye aliyeandika, akiwa ameshapita miaka 50, kwamba aliwahi kushikwa na shaka juu ya kila kitu. Imo katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal. Alianza na macho. Ukitazama kivuli unakiona kimesimama, rudi baada ya saa moja utakuta kimesogea. Nyota unaiona ndogo kama dinari, na hesabu zinasema ni kubwa kuliko ardhi. Basi akili imeyakosoa macho. Je, na akili yenyewe ikiwa ina hakimu juu yake? Ukiwa ndotoni hujui kwamba unaota mpaka uamke. Alikaa na maradhi hayo karibu miezi miwili, na anasema hakuponywa kwa hoja zilizopangwa vizuri. Ilikuwa ni nuru ambayo Allah aliitia kifuani mwake.

Subhanallah. Na huyu ndiye tunayemwita Hujjatul Islam, dada yangu, kwa hiyo usijihukumu haraka.

Lakini msije mkafahamu kwamba aliidharau akili. Hoja yake juu ya Muumba hata mtoto wa chuoni anaielewa: kila chenye mwanzo kina aliyekianzisha, na ulimwengu una mwanzo. Kuhusu akhera aliandika Tahafut al-Falasifa kuwajibu wanafalsafa waliosema miili haitafufuliwa. Kwake yeye, akili inatosha kuonyesha kwamba ufufuo unawezekana. Kwamba utatokea kweli, hilo tunaambiwa na wahyi. Naona hapo alikuwa mkweli kuliko wengi wa leo wanaodai kuthibitisha kila kitu kwa video ya dakika tatu. Hoja ya kuwezekana tunaisoma wenyewe msibani, mwisho wa Yasin, pale mtu anapouliza nani atakayeihuisha mifupa iliyooza, naye akajibiwa kuwa ni yule aliyeiumba mara ya kwanza. Kwa lugha ya dukani kwangu, aliyeshona bila sampuli hashindwi kushona tena.

Kwa mtu mzito, ambaye hoja hizo hazimsogezi, Imamu alikuwa na njia nyingine. Katika Ihya anasema mtoto mdogo akikwambia kuna nge ndani ya nguo yako, unaivua pale pale, humwombi ushahidi. Vipi basi maneno ya Mitume wote yawe mepesi kuliko ya mtoto? Na maana yake ni kwamba ukiamini na ikawa hakuna kitu, umepoteza kidogo. Ukikanusha na ikawa kipo, umeangamia.

Miaka zaidi ya 500 baadaye hoja kama hiyo ilipata umaarufu Ulaya kupitia Blaise Pascal, Mfaransa Mkristo, bingwa wa hesabu. Aliifananisha na kamari. Mwaka 1920 padri wa Kihispania, Miguel Asín Palacios, aliandika kwamba Waislamu walitangulia kuitumia.

Mimi hoja hii naipenda kwa kumwamsha mtu, siipendi kama ndiyo imani yote. Nge anakufanya uvue nguo, hakufanyi umpende aliyekuonya. Bibi Rabia wa Basra, zaidi ya miaka 250 kabla ya Ghazali, alikwisha sema hataki kumwabudu Mola kwa kuogopa moto wala kwa tamaa ya pepo. Hata huyo Pascal, alipofariki mwaka 1662, mtumishi alihisi kitu ndani ya bitana ya koti lake. Ilikuwa karatasi aliyoiandika usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kati ya saa nne na nusu na saa sita na nusu. Miaka 8 alitembea nayo imeshonewa ndani. Haikuwa na hesabu ya kamari hata moja. Ilikuwa na moto, furaha na machozi, na jina la Mola wa Ibrahim, si mungu wa wanafalsafa.

Ghazali naye aliiacha Baghdad mwaka 1095, baada ya miezi sita ya kusitasita mpaka ulimi ukafungika darasani na chakula kikakataa kushuka. Alikwenda Damascus, Jerusalem na Hijazi. Baadaye alirudi kwao Tus.

Kifo chake kimesimuliwa na ndugu yake Ahmad. Ilikuwa Jumatatu alfajiri, Desemba 1111. Alitawadha, akasali, akaomba aletewe sanda yake. Akaibusu, akaiweka machoni, akasema anakwenda kwa Mfalme kwa utiifu. Akanyoosha miguu kuelekea kibla, na jua lilipochomoza alikuwa ameshafariki.