Baba wa Mawinguni na Baba wa Nyumbani



Wazee wanakumbuka. Wakati wa Mobutu, habari za televisheni zilianza kwa filamu fupi: uso wake ukishuka toka mawinguni. Watu waliambiwa Zaire ni jamaa moja, yenye baba mmoja. Lakini tangu 1972 mzazi alikatazwa kumpa mtoto jina la Kikristo. Mwaka 1974 katiba ikamfanya kila Mzaire mwanachama wa MPR. Nyumbani baba alinyamaza; watoto wakajifunza kunyamaza.

Mwaka 1992 na 1993, hapa Likasi, jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Nyingi zililala kwenye kituo cha treni. Majirani wengi waliona, wakanyamaza tena.

Mwaka 1999 Thierry Michel alizirudisha picha za utawala ule katika filamu yake juu ya Mobutu. Lakini nani alipiga picha ya nyumba yako?

Mzazi, wasimulie watoto ukweli, pasipo kuwapandia chuki. Mkubwa wa mtaa, usikate neno juu ya kiwanja kabla ya kusikia aliyefukuzwa na anayekaa humo. Sheria huanza kwa kusikiliza.

Amani kwenu.