Kifuniko cha Chombo Kilichofungwa

Sisi wa Masasi na Newala tu watu wa bara. Huko Newala maji yalichotwa mbali bondeni. Lakini njia yetu ya kale yatoka Lindi, ndiko alikoshukia Askofu Steere mwaka 1876, akija Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo elimu ya vyombo yatuhusu.

Chombo kidogo kikifungwa kitupu, jua hupasua mbao, na mvua ikituama ndani huziozesha. Zamani hatari ilizidi, maana mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari. Nao ulikuwa na banda la makuti la kukinga watu na shehena. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vyatajwa katika Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza.

Afungaye kifuniko huinua mti kati, toka omo hata tezi, kama mti wa juu wa paa, ili maji yatiririke. Kamba huzipitisha chini ya chombo, upande hata upande, kusi isipate kukifunua. Omo na tezi huziacha wazi kidogo, upepo upite, mbao zisivunde. Turubali limeshika mahali pa makuti, kanuni ni ile ile. Hata mwezekaji wa Newala aijua.

Mtepe wa kazi umekwisha toweka, na maneno yake mengi pamoja nao. Twawasihi walimu wenzetu wa pwani wawaulize wazee, wayaandike yaliyosalia.