Mawe ya Barabara ya Tunduma

Dereva wa lori anayetoka Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam ana mengi ya kuwaza: foleni ya mpakani, mizani, mteremko wa Kitonga. Barabara hii iliwekwa lami kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, ili Zambia ipate njia ya kufika baharini isiyopita Rhodesia, baada ya walowezi wa huko kujitangazia uhuru mwaka 1965. Tangu hapo watu wengi wanaijua kama njia ya kupita tu. Hata hivyo, kandokando yake kuna mawe yenye historia ndefu, na gari likielekea mashariki, historia hiyo nayo inazidi kusogea karibu na zama zetu.

La kwanza lilitoka angani. Katika wilaya ya Mbozi, ukiacha barabara kuu na kwenda kama kilomita 13, unafika kijiji cha Ndolezi kilipo Kimondo cha Mbozi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Asilimia 90 hivi ni chuma, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Ukilipapasa, vidole vinazama kwenye vishimo laini, kama vya mtu aliyebonyeza udongo kwa dole gumba.

Mpima ardhi W. H. Nott alilitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa wanalijua zamani. Wakati huo ni sehemu ya juu tu iliyoonekana. Udongo ulichimbwa kulizunguka, ukaachwa mhimili chini yake ambao baadaye uliimarishwa kwa zege. Wanyiha wa eneo hilo walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Kumbe chuma kilichokwisha kuyeyushwa na anga kilikuwa kimelala kwenye ardhi yao, na hakuna simulizi inayokumbuka siku kilipoanguka. Ukimya huo ni dalili kwamba kilianguka zamani mno.

Kilomita 20 hivi kabla ya mji wa Iringa kuna Isimila. Hapo mvua na kijito vimechonga korongo na kuacha nguzo ndefu za mchanga mgumu, nyekundu na za kijivu. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, akiwa safarini, aliokota mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale. Mwaka 1957 na 1958 mtaalamu wa mambo ya kale Clark Howell aliongoza uchimbuaji. Yalipatikana mashoka ya mkono yanayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 260,000, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa.

Juu ya mji wa Iringa kuna mwamba wa Gangilonga, maana yake kwa Kihehe jiwe linaloongea. Simulizi za wenyeji zinasema Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, alikuwa akipanda hapo kutafakari, na kwamba ndipo alipopata habari za Wajerumani waliokuwa wakija. Ukisimama juu ya mwamba huo, unaliona bonde lote chini yako. Mlinzi asingeweza kuchagua mahali bora zaidi.

Wajerumani walikuja kweli. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa, kikosi cha Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, kilikuwa kikitembea kwa mstari mrefu na askari wapatao 300. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani, wengi wao wakiwa na mikuki. Ishara ilipotolewa waliwavamia, na kwa muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake walikuwa wameuawa. Ilichukua miaka mitatu kabla Wajerumani hawajaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, na hadi Julai 1898 kabla yeye mwenyewe hajajiua ili asikamatwe akiwa hai. Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa nchini mwaka 1954, na limehifadhiwa Kalenga.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina la Lugalo kwa kambi na hospitali ya jeshi. Penyewe hasa ni hapa, kwenye mnara mdogo karibu na barabara, ambao Wajerumani waliujenga kuwakumbuka maofisa wao. Wahehe walioanguka siku ile hawakuandikiwa majina kwenye mnara huo. Habari zao zimebebwa na wazee.

Kwa hiyo msafiri akifika Lugalo na asimame, awateremshe watoto garini na kuwasimulia yaliyotokea. Akibahatika kumkuta mzee wa hapo, ampe shikamoo, kisha amwachie yeye asimulie.