Udi Hauchagui Kanzu wala Buibui

Mswahili akiapa kwamba jambo fulani atalipata, iwe isiwe, husema atalitafuta kwa udi na uvumba. Hasemi kwa udi wa kiume na uvumba wa kike. Ni udi tu, na uvumba tu. Basi ndugu msomaji, inakuwaje leo kijana akienda kununua manukato ya harufu ya mti aambiwe eti haya ni "ya wote", kana kwamba pamevumbuliwa jambo jipya duniani? Tena juu yake anapewa na tabia: ukijipaka haya wewe ni mtu huru, mtulivu, hutikisiki. Hebu turudi nyuma tuone mambo haya yametoka wapi.

Tuanze na huku kwetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alifika Mogadishu. Sheikhe wa mji akampelekea tambuu na popoo, kisha akamwagiwa marashi ya waridi kutoka Damascus, yeye pamoja na kadhi aliyekuwa naye. Marashi ya waridi, bwana! Wanaume wazima, mmoja wao kadhi, na habari hiyo inasimuliwa kama heshima aliyofanyiwa mgeni. Ua halikumpunguzia mtu ndevu.

Na mti vilevile haukumpunguzia mwanamke uzuri. Liwa ni mti, husagwa juu ya jiwe kwa maji ya marashi, na wanaojipaka ni wanawake. Udi nao ni mti, au tuseme ni jeraha la mti: huko Assam na nchi za mashariki yake, mti ukiumia na kuingiwa na kuvu hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio harufu tunayoilipia. Ukifika pwani, chetezo hupitishwa barazani kwa wanaume, hupitishwa na ndani kwa wanawake, makaa ni yale yale. Kanzu hufukizwa, kanga hufukizwa. Waomani hutia mafuta mazuri kwenye kile kishada cha shingoni. Na mtu apitaye njiani akisikia udi haulizi, "Huyu ana tabia gani?" Anauliza, "Leo pana nini hapa?" Harusi? Maulidi? Mgeni? Harufu ilitangaza shughuli na watu wake. Haikutangaza nafsi ya mtu mmoja.

Ulaya je? Huko nako mgawanyo si wa kale kama wengi wanavyodhani. Jicky ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1889, ilipakwa na wanaume na wanawake. Mwaka 1926 nyumba ya Chanel ikatoa Bois des Îles, kazi ya Ernest Beaux, iliyojaa sandali, na ikauziwa wanawake. Kwa hiyo mti ulikuwa kwa wanawake Paris karibu karne moja iliyopita. Biashara ya matangazo ilipozidi kukua, rafu zikawa mbili: maua huku, na miti, ngozi na tumbaku kule. Hesabu yake nyepesi. Nyumba yenye mke na mume itanunua vichupa viwili badala ya kimoja.

Ndipo mwaka 1992 Shiseido, kwa fikra za Serge Lutens, wakatoa Féminité du Bois, jina lenye maana ya uke wa mti, na harufu ya seda ikapokewa kama maajabu. Mwaka 1994 Calvin Klein akaleta CK One, kichupa kimoja kwa wote. Ile haikuwa ya mti hasa, ilinukia ndimu zaidi, lakini mlango ulifunguka.

Walioingia kwa mlango huo ni wengi. Mashuhuri kati yao ni Santal 33 ya Le Labo, kampuni ya New York, mwaka 2011. Ina sandali ya Australia, seda, ngozi, na hata iliki, ile ile ya maandazi yetu. Inauzwa kwa wanawake na wanaume. Lakini sikiliza hadithi wanayoisimulia wenyewe: mnakumbuka matangazo ya zamani ya sigara za Marlboro? Mwanamume na farasi wake, moto, nyika, anga la jioni. Hiyo ndiyo tabia iliyotiwa chupani! Manukato ni ya wote, ila huyo "wote" ni mchunga ng'ombe wa Kimarekani. Mwanamke hakupewa chake, ameazimwa cha mwanamume. Na kichekesho ni kwamba ilipendwa mno, mpaka harufu ya mtu mpweke wa nyikani ikajaa mahotelini na kwenye lifti za mji. Wapweke maelfu, wote wananukia sawasawa.

Amouage nao, nyumba iliyoanzishwa Oman mwaka 1983, katika nchi ya kishada kile kile, mwaka 2012 waliitoa Interlude kwa vichupa viwili, cha kiume na cha kike. Wazungu wanaunganisha, sisi tunajifunza kutenga.

Lakini kuna jinsia moja katika habari hii ambayo si ya matangazo. Msandali wetu wa Afrika Mashariki, ambao wataalamu huuita Osyris lanceolata, una miti dume na miti jike mbalimbali. Wavunaji hung'oa mti mzima na mizizi yake, maana mafuta yamo humo pia, na hupendelea majike wakiamini yana mafuta mengi. Majike yakiisha, mbegu zitatoka wapi? Kenya ilipiga marufuku uvunaji huo mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa nchi zetu ukaingizwa katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Magendo hayakukoma kwa hilo.

Kwa hiyo kijana, ukitaka kunukia mti, nukia. Usimwulize muuzaji kama wewe ni mwanamume wa kutosha au mwanamke wa kutosha, wala usimwombe akuazime tabia. Mwulize mti umekatwa wapi, na kama umeachwa wa kuzaa mwingine.