Mtungi wa Udongo na Mtungi wa Gesi

Zamani, kabla umeme haujaenea katika viunga vya Dar es Salaam, wakazi wa Temeke na Kinondoni, msimu wa kaskazi ukichachamaa, walikuwa wakipoza maji kwa mtungi wa udongo, ambao maji hupenya ukutani mwake taratibu, yakawa mvuke na kuondoka na joto. Majokofu yalipoingia mabuchani na majumbani, ikadhihiri haja ya fundi wa baridi, ambaye aghalabu alipata ilimu yake kwa kukaa mwanagenzi, hata sheria ya mwaka 1994 ilipoasisi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, yenye chuo Chang'ombe. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukamlazimu kuiacha gesi ya R-12, iliyodhuru tabaka la ozoni, na maafikiano ya Kigali ya 2016 yakaamuru hata mrithi wake, R-134a, ipunguzwe.

Mtazame leo chini ya mwembe: ameligeuza jokofu kisogo, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo cha bomba la shaba, akingojea kiputo kitakachofichua pavujapo, na kando yake umesimama mtungi, wa chuma safari hii, ungali ukitumikia baridi.